Ghorofa ya Saba

Kilikufa kabla sijagusa kitufe.
Kimtu cha kijani, kofia yake nukta nne tu,
kilitumbukia shimoni kope zangu zikiwa juu.
Nikarudia. Kikafa tena.
Kompyuta hii mpya, niliyoilipia kidogo kidogo
miezi kumi na mmoja, haijui kwenda taratibu.
Mchezo ulipimwa kwa pumzi za mashine ya zamani,
na mashine ya zamani ilikuwa na pumu.

Ilikaa Kiborloni, dukani kwa Mama Aisaria:
tunachapa barua, tunatoa kopi,
picha za pasipoti, subiri uchukue.
Jumamosi jioni, wateja wakiisha,
mwanawe Ndelamio aliuza dakika.
Kumi kwa shilingi hamsini.
Mimi nilikuwa mtunza saa.
Nilikalia debe la rangi kati ya ukuta na stebilaiza,
saa ya mezani mapajani, nikitangaza
bado mbili, bado moja, ondoka.
Ujira wangu andazi, na kutazama.
Kucheza, hapana. Wasichana, alisema Ndelamio,
wana vidole vya kusukia, wataing'oa kibodi.

Miaka miwili na nusu nilitazama kwa ubavu,
kutoka pembeni mwa kioo kilichovimba,
kila ukuta wa mgodi ule ukiwa umepinda.

Ndiyo maana usiku huu,
baada ya kuifunza mashine uvivu
(nimeipunguza, nikaipunguza tena,
nikaifunga jiwe mguuni
hadi kimtu kikatembea kama anayetafuta kiatu)
macho yangu yanajua kila kitu.
Popo wa pili hutoka kushoto.
Ufunguo wa njano ni mtego, uache.
Ngazi ya tatu hukatika ukihesabu nne.
Vidole ndivyo havijui. Vidole ni wageni,
vinabisha hodi kwenye nyumba waliyokulia macho.

Ghorofa ya nne. Ya tano.
Ya sita ndipo umeme ulipokuwa ukikatika,
Kiborloni, Majengo, Pasua, zote kwa mkupuo,
na katikati ya kioo kibaki kitone cheupe
kinachojikunyata, kinajikunyata, basi.
Wavulana walidai hela zao gizani.
Nilizifumbata hadi sarafu zikalowa.

Ila Ndelamio aliapa kuwa amefika ya saba,
peke yake, usiku, mama yake yuko matanga Marangu.
Huko, alisema, dari hufunguka.
Kuna mlima wenye theluji kama huu wetu
lakini wa waridi, na kimtu huvua kofia,
kinakuita kwa jina lako, na la ubini.
Tulimwamini. Eliforo alilia kwa wivu.

Leo umekatika tena, nikiwa ya sita.
Taa ya nje ikafa, friji ikanyamaza,
mbwa wa jirani wakaanza.
Kioo hakikupepesa. Betri.
Nikaona haya kidogo,
kama mtu aliyeruka foleni.

Ya saba ni chumba kimoja cheusi.
Popo hakuna. Kuna mlango,
na nyuma ya mlango ni ghorofa ya kwanza,
popo wale wale, kasi imeongezwa.

Nikampigia. Anauza vipuri vya pikipiki Arusha,
Ngarenaro, na ilikuwa saa tano usiku.
"Ndelamio, ya saba haina mlima."
Kimya. Mtoto akakohoa nyuma yake,
maji yakamiminwa mahali.
"Hata mimi ulikatika," akasema.
"Nikakaa pale hadi alfajiri. Ningewaambia nini?"
Kisha: "Nilisema ni wa rangi gani, huo mlima?"
"Waridi."
"Eeh," akasema, kama anayeonja mchuzi wa zamani.
"Nani anakutunzia saa sasa?"

Hakuna. Andazi pia hakuna.
Kimtu kilikuwa mlangoni, kinapigapiga mguu
kama kinavyofanya kikisahauliwa.
Nikaibana simu begani,
na popo wa pili akatoka kushoto.